Wasifu Ulioandikwa na Rafiki

Mimi huandika wasifu wa marehemu kwa pesa. Elfu mbili kwa ukurasa mmoja, elfu tatu ukitaka nikupangie na picha pamoja na ratiba ya ibada. Watu hunipata kwa kuambiana, na kazi huwa ya haraka kila mara: mwili unatoka mochari Ijumaa, mimi napigiwa simu Jumatano jioni, natumiwa majina ya watoto na wajukuu kwa WhatsApp, na kufikia usiku wa manane nimemaliza. Si kazi ngumu. Alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa tatu wa fulani na fulani. Alisoma pale. Alibatizwa. Aliajiriwa. Alikuwa mcheshi, mpenda watu, na alipambana na ugonjwa kwa ujasiri hadi Bwana alipomwita. Nimeandika "mcheshi" kwa watu ambao sina hakika waliwahi kucheka.

Kiswahili kinatumia neno hilo hilo moja, wasifu, kwa ile karatasi inayokunjwa mara mbili na kuwekwa mfukoni baada ya mazishi, na kwa kitabu kizima cha maisha ya mtu. Hata karatasi ya kutafutia kazi ni wasifu. Na ukilisikiliza hilo neno vizuri unasikia "sifa" imekaa ndani yake, kana kwamba lugha yenyewe ilishaamua kwamba ukisimulia maisha ya mtu, utamsifu tu. Kwa kazi yangu hilo ni jambo zuri, maana hakuna mteja aliyewahi kunilipa elfu tatu nimkosoe marehemu.

Mwaka jana, kwenye inama moja mjini, pale vitabu vinatandazwa juu ya gunia na wewe unainama kuchagua, nilinunua kitabu kinaitwa Kate Remembered. Shilingi 150. Kimeandikwa na A. Scott Berg, kilitoka mwaka wa 2003, na kinamhusu Katharine Hepburn, mwigizaji wa Hollywood. Nilikichukua kwa sababu moja tu: nilikuwa nimewahi kumwona kwenye The African Queen, ile filamu yake na Humphrey Bogart ambayo hadithi yake inatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa waliipiga Kongo na Uganda mwaka wa 1951. Huko ndiko Hepburn aliugua tumbo vibaya sana. Alikuwa amekasirishwa na ulevi wa Bogart na mwongozaji John Huston, akaamua kunywa maji tu ili kuwaaibisha. Maji ndiyo yalimwangusha. Wale wa wiski hawakupata kitu. Mtu aliyefanyiwa hivyo na maadili yake mwenyewe, nilitaka kumjua.

Berg hakuwa mgeni kwake. Alikutana naye mwaka wa 1983, alipoenda kumhoji kwa ajili ya jarida, naye tayari alikuwa mwandishi wa wasifu mwenye jina. Mahojiano yakageuka urafiki wa miaka ishirini. Alikuwa akila chajio nyumbani kwake New York, kwenye ile nyumba ya Turtle Bay, na kulala kwake Fenwick, Connecticut, nyumba ya familia kando ya bahari ambapo mama huyo aliogelea kwenye maji baridi hata akiwa mzee. Mara ya kwanza kabisa Berg alipofika, kitu cha mapema alichoulizwa ni kama ametumia choo. Baba yake Hepburn alikuwa daktari wa njia ya mkojo, na hayo mambo kwao hayakuwa ya aibu. Nilicheka peke yangu ndani ya matatu. Kwetu ukifika unaulizwa kama umekula.

Nilikisoma kwa siku tatu. Siku ya nne nilianza kukosa raha, na sababu haikuwa Hepburn.

Hepburn alifariki tarehe 29 Juni 2003, akiwa na miaka 96. Kitabu kilikuwa madukani kabla ya wiki mbili kuisha. Kitabu cha kurasa mia tatu hakiandikwi kwa wiki mbili, na Berg hafichi: yalikuwa makubaliano yao, kwamba aandike, na kwamba kitoke akishakufa. Kwa hivyo ruhusa ilikuwapo. Lakini jaribu kuliwaza hilo jambo kama mtu anayeliishi. Unaenda kumtembelea rafiki yako mgonjwa. Unamwekea mto vizuri. Na unajua, na yeye anajua, kwamba nyumbani kwako kuna karatasi ambazo zinasubiri asipumue tena. Sisemi ni kosa. Hata mimi kwenye laptopu yangu kuna faili yenye mapengo ya kujaza majina, na najua fika kwamba kuna mtu yuko hai leo ambaye wiki ijayo ataingia kwenye pengo. Tofauti ni kwamba mimi simjui huyo mtu.

Isipokuwa mmoja. Huyo nilimjua.

Tulikutana chuoni mwaka wa kwanza. Tulikuwa tunaandika pamoja insha za wanafunzi wa ng'ambo, ile kazi ya mtandaoni ambayo vijana wengi hapa Kenya wameifanya na wachache wataitaja mbele ya wazazi. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, nikawaambia watu wangu, nikatukanwa, yakaisha. Yeye aliacha kabla yangu, mwaka wa pili, na hakumwambia mtu. Kila muhula karo ilitumwa kutoka nyumbani. Kila muhula aliipokea, akalipia chumba, akamlipia dadake mdogo shule, hiyo pia kwa siri, kwa kusingizia ni basari aliyomtafutia. Alikuwa na mpango wa kusema. Kila Desemba alikuwa anasafiri kwenda nyumbani na ule mpango, na kila Januari alirudi nao.

Aligongwa akiwa kwenye boda, usiku, akitoka kazini.

Mamake aliniambia niandike. Hakuniita kwa sababu ya biashara yangu, hakujua hata kama nina biashara. Aliniita kwa sababu nilikuwa rafiki. Alisema, "Wewe ndiye ulikaa na yeye. Andika vile alikuwa anajitahidi na masomo." Nikaandika. Hadi mauti yalipomfika alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne. Nikaisoma kwa maikrofoni mbele ya hema mbili zilizojaa. Nyuma kabisa walisimama watu sita wa darasa letu, na wote waliangalia chini nilipofika kwenye huo mstari. Ile karatasi bado ninayo. Ndiyo kazi pekee ya aina hiyo ambayo sikulipwa, na ndiyo pekee niliyodanganya nikijua.

Sasa rudi na mimi Marekani kidogo, kwa sababu Berg hakuwa rafiki wa kwanza kumwandika Hepburn. Mwaka wa 1971 Garson Kanin alitoa kitabu chake, Tracy and Hepburn, na chini ya jina akaandika kwamba ni kumbukumbu za karibu, za ndani. Kanin na mkewe Ruth Gordon walikuwa marafiki wa dhati wa Hepburn na Spencer Tracy. Ndio waliowaandikia Adam's Rib. Tracy alikuwa ameoa. Mkewe aliitwa Louise, walikuwa na mtoto kiziwi, na Louise alianzisha kliniki ya watoto viziwi huko Los Angeles ambayo ina jina la huyo mtoto. Tracy hakumtaliki kamwe. Na kwa miaka kama 26, mpaka alipokufa mwaka wa 1967, alikuwa na Hepburn. Hollywood nzima ilijua na Hollywood nzima ikanyamaza, jambo ambalo leo huwezi hata kulieleza kwa kijana mwenye simu.

Kanin akafungua mdomo. Nilikitafuta kitabu chake nikakisoma kwa simu, na kitu cha ajabu ni kwamba hakina ubaya. Kimejaa upendo. Anawatamani wale watu wawili vile unavyotamani nyumba uliyolelewa. Lakini Hepburn alikasirika, akaona amesalitiwa, na urafiki ukavunjika kwa miaka mingi.

Nilikaa na hilo swali muda mrefu: kosa la Kanin ni lipi hasa? Hakutunga. Hakutukana. Tracy alikuwa ameshakufa. Ukisema kosa ni kwamba hakuomba ruhusa, sawa, lakini tuseme angeomba, na tuseme Hepburn angekubali. Kosa lingeisha?

Nadhani halingeisha, kwa sababu ya Louise. Louise alikuwa hai. Tracy alipozikwa, Hepburn hakwenda kanisani. Alifuata gari la maiti kwa muda, kisha akarudi, ili yule mke na watoto wake wazike mtu wao kwa heshima. Mtu yeyote ambaye amehudhuria mazishi hapa Kenya, na akamwona mwanamke asiyejulikana akisimama nyuma na mtoto mkononi na wazee wakianza kunong'ona, anajua Hepburn aliepusha nini. Baadaye alimpigia Louise simu akitaka wajuane, na Louise akamjibu kwamba alikuwa akidhani yeye ni uvumi tu. Hayo aliyasimulia Hepburn mwenyewe, lakini aliyasimulia baada ya Louise kufariki mwaka wa 1983. Kabla ya hapo hakuwa anazungumzia Tracy hadharani kwa uwazi. Alisubiri miaka 16.

Siri ni kama shamba la ukoo. Hati inaweza kuwa na jina la mtu mmoja, lakini ukitaka kuuza utashangaa ni wangapi wanapaswa kutia sahihi. Kanin aliuza akidhani amebaki na mwenye shamba mmoja tu. Hiyo ndiyo sababu hata ruhusa ya Berg hainitoshelezi vizuri. Kwa mfano, Berg anasimulia kwamba Tracy, akiwa amelewa, aliwahi kumpiga Hepburn. Hilo ni la Hepburn kusema, ni shavu lake. Ila Tracy pia alikuwa na binti, na mwaka wa 2003 binti huyo alikuwa hai. Je, yeye alitia sahihi wapi?

Unaona ninapoelekea. Mwaka wa nne wa rafiki yangu ulikuwa na majina mangapi kwenye hati? Lake. La mamake, aliyekuwa anatuma karo. La dadake, ambaye basari yake ilikuwa kakake. Langu. Siku ya mazishi nilijiambia kwamba nanyamaza kwa heshima ya mama, kama Hepburn na Louise. Nikijichunguza sana naona ilikuwa rahisi zaidi ya hapo. Niliogopa.

Na Hepburn naye alikuwa hodari wa wasifu wa uongo. Mwaka wa 1921, akiwa na miaka 13, alimkuta kakake Tom amekufa, amejinyonga, katika nyumba ya rafiki wa familia huko New York. Tom alikuwa na miaka 15. Baba yao alitafuta maelezo kwamba labda kijana alikuwa akijaribu mchezo ukaharibika. Nyumbani wakaacha kumzungumzia. Katharine akachukua siku ya kuzaliwa ya Tom, tarehe 8 Novemba, akaifanya yake. Yeye alizaliwa tarehe 12 Mei 1907. Lakini kwa miongo kadhaa vitabu vingi vya rejea viliandika Novemba, tena vingine na mwaka wa 1909, mpaka yeye mwenyewe alipotoa kitabu chake cha Me mwaka wa 1991 na kusahihisha. Fikiria hilo. Kila alipopongezwa siku ya kuzaliwa alikuwa anafanya matanga ya kakake na hakuna aliyejua. Mtu anaweza kuuita uongo. Mimi sijapata jina la kuuita.

Kuna watu wanasema rafiki ndiye mwandishi mbaya zaidi, kwa sababu haoni. Wana hoja. William Mann, ambaye hakuwa rafiki wa Hepburn, alitoa wasifu wake mwaka wa 2006 na akabomoa mengi: alisema ile hadithi ya mapenzi makubwa na Tracy ilipigwa msasa kwa miaka, na Hepburn akiwa mmoja wa waliopiga msasa. Mann aliingia kwenye nyaraka na kwa watu ambao Berg hakuwauliza. Na kweli, ukisoma Berg unahisi mara kwa mara kwamba yule mama ndiye ameshika usukani, Berg ameketi kando na ramani. Anaambiwa anachopaswa kukumbuka. Lakini Mann hawezi kunipa lile swali la choo. Hawezi kunipa chajio kwenye sinia mapajani, saa ya kulala iliyokuwa mapema kama ya kuku, yule mwanamke akibishana na moto wa kuni kana kwamba moto umemkosea. Mann ana ushahidi, Berg ana jioni. Sijui kwa nini tunadhani ushahidi ndio ukweli na jioni ni mapambo.

Miezi kumi na moja baada ya mazishi, mamake alinipigia. Alikuwa amekuja Nairobi kwenda chuoni kuulizia karatasi za mwanawe, kwamba hata kama hakumaliza, wampe kitu chochote cha kuweka sebuleni. Wakamwonyesha kwenye kompyuta. Hakuwa amesajiliwa tangu mwaka wa pili.

Tulikutana kwenye mkahawa karibu na stendi. Alikuwa ameweka ile programu ya mazishi mezani, ile niliyoandika mimi, ndani ya karatasi ya plastiki. Hakuwa ameifungua. Akaniuliza, "Mwanangu, ulijua?"

Nikasema, "Nilijua, Mama."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi. Si mfano wa maneno, nilijua kabisa linakuja, hata nikasogeza chai. Alinyamaza mpaka mhudumu akaja na kuondoka. Halafu akasema, "Basi hiyo miaka miwili alikuwa wapi? Niambie. Mimi nina mtoto mpaka Form Four, na nina mtoto kwa jeneza. Hapo katikati niliweka masomo. Sasa masomo hayapo, sina kitu."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Nilidhani ninamlinda na aibu. Kumbe nilikuwa nimemnyima miaka miwili ya mtoto wake na mahali pake nikaweka mstari mmoja ambao haukuwa na mtu ndani. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuhusu Kanin, kuhusu Berg, na kuhusu ile faili yangu yenye mapengo. Tunabishana kama rafiki ana haki ya kusema, na hatuulizi sana nani anabaki mikono mitupu akinyamaza. Labda Louise mwenyewe, huko kwake, alikuwa na maswali. Labda hakutaka kujua lolote. Kanin hakumuuliza, na Hepburn hakumuuliza mpaka ile simu.

Sijasema kwamba niliyoyafanya mazishini yalikuwa makosa. Mbele ya hema mbili, na wazee, na pasta akiangalia saa, ningesema nini? Kuna ukweli ambao ni wa mkahawa, si wa maikrofoni. Lakini mkahawa huo ningeuitisha mimi, mwezi wa kwanza, na sikuitisha. Alilazimika kuupata kwenye skrini ya karani.

Na sasa nimeiandika, ndiyo. Nilimsomea mama haya yote kwa simu kabla ya kuyatuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nitoe jina la mwanawe na nitoe jina la kijiji. Dadake amemaliza shule, na mama ndiye alimwambia kuhusu basari. Kitu kimoja kingine alisema kisiwepo, na hakipo.

Siku ile mkahawani tulikaa kutoka saa sita mpaka saa kumi, mabasi ya kwenda kwao yakiondoka moja baada ya jingine. Nilimweleza kila nilichokumbuka. Chumba, jinsi alivyokiweka kisafi kuliko changu. Kwamba aliandika insha ya uuguzi kwa mwanafunzi wa Uingereza bila kuwahi kuingia darasa la uuguzi, na ikapata alama za juu, akatembea siku nzima akijiita daktari. Kwamba aliimba vibaya, kwa sauti, akifua. Mama alikuwa anauliza vitu vidogo vidogo. Viatu vyake alikuwa ananunua wapi? Alikuwa anaamka saa ngapi? Nani alikuwa anamnyoa?

"Na alikuwa anakula nini?" akaniuliza.

Nikamwambia chapo madondo, karibu kila siku, kwa kibanda kimoja nyuma ya ploti yetu, na kila mara alikuwa anaomba mwenye kibanda amwongezee supu ya maharagwe bila kulipa, na kila mara aliongezewa.

"Maharagwe?" Alicheka mpaka akashika meza. "Huyo? Nyumbani alikuwa anayakataa. Tangu akiwa mdogo. Ukipika maharagwe, anakwenda kula kwa jirani."